Jibu: Kijana ananenepa, dadake mwembamba

Dada, umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 11 ananenepa na dadake ni mwembamba, ilhali wanakula sufuria moja. Tafadhali usimlaumu. Umbo hurithiwa, na ndugu hawarithi sawasawa. Lakini angalia usingizi kwanza: umri wake unahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, na basi la shule likimchukua alfajiri, hapati. Asiyelala vizuri husikia njaa zaidi. Wangu alikuwa hivyo. Akitoka shule, smokie (aina ya soseji) na soda, kisha kochi, maana ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, haina pa kupigia mpira. Soda ya nusu lita ina karibu vijiko vya chai 13 vya sukari! Tulianza kwa kupunguza hiyo. Usimnyime chakula, bado anarefuka. Mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu pamoja.