Maswali yenu: Tishu za maabara na majaribio ya dawa

Seli za kwenye kisahani cha kawaida zina kasoro gani hadi zioteshwe kwa umbo la pande tatu?

Zinaacha kazi. Chukua seli za ini: ukizilaza juu ya plastiki, ndani ya siku chache vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa hushuka sana. Hapo dawa unaijaribia kwenye ini la jina tu. Zikiachwa zishikamane ziwe kijitonge, huendelea na kazi kwa wiki kadhaa.

Si kuna panya? Hawatoshi?

Hawatoshi. Fialuridine, dawa iliyotarajiwa kutibu homa ya ini aina ya B, ilipita kwa wanyama bila kuonyesha hatari iliyokuwa inakuja. Mwaka 1993, nchini Marekani, wagonjwa 15 waliitumia. Saba maini yao yalifeli. Watano wakafariki, wawili wakaponea kwa kupandikizwa ini jingine. Madhara yalichukua wiki nyingi kujitokeza, kwa hiyo kipimo cha siku mbili kisingeyaona. Baadaye vijitonge vya seli za ini la binadamu vilipowekewa dawa hiyo kwa wiki kadhaa, vilidhurika.

Mwanangu ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwilini kuwa mzito. Ni kweli dawa inaweza kujaribiwa kwanza nje ya mwili wake?

Ni kweli, na mimi naona hapa ndipo mbinu hii inapong'aa. Hukatwa kipande kidogo sana cha utando wa puru, kisha seli shina zake, yaani zile zinazozaa seli nyingine, huoteshwa ndani ya jeli, njia iliyotokana na kazi ya wanasayansi Toshiro Sato na Hans Clevers ya mwaka 2009. Huota vifuko vidogo viitwavyo oganoidi. Vikitiwa foskolini, kemikali inayochochea seli kupitisha maji, vya mtu asiye na ugonjwa huvuta maji na kuvimba. Vya mgonjwa huvimba kidogo tu au havivimbi kabisa. Sasa ongeza dawa, utazame kwenye hadubini. Vikivimba, kuna matumaini itamfaa. Muulize daktari wake kama kuna maabara inayofanya kipimo hiki, maana si nyingi.

Kwa hiyo wanyama wamepona?

Bado. Sheria ya Marekani ya Desemba 2022 iliondoa ulazima wa kuwatumia, haikupiga marufuku. Tena mbinu hii ina mipaka yake. Kijitonge hakina mishipa ya damu; kikizidi takriban nusu milimita, seli za katikati hufa kwa kukosa oksijeni. Na jeli ile inayotumika sana, amini usiamini, hutoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya.

Lini wataotesha ini zima la kupandikiza?

Kikwazo ni mishipa hiyohiyo. Kwa sasa mgonjwa bado anamhitaji mtu wa kumtolea ini.