Ukianza Kazi Mlima Meru, Anza kwa Kulijua Umbo Lake

Vijana wengi wanaokuja kutafuta kazi ya mlima hapa Arusha wana jina moja tu kichwani: Kilimanjaro. Meru wanauona kama mahali pa kupasha misuli, mgeni azoee hewa nyepesi siku tatu nne kisha apelekwe kwenye mlima wenyewe. Wageni nao wengi wamekwisha kuambiwa hivyo kabla hawajapanda ndege. Nakuomba uifute dhana hiyo mapema, iwe unaanza kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, au umeshapata nafasi ya kumsaidia gaidi, jina letu la mlimani la kiongozi wa wageni, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu. Kilimanjaro unauzidi Meru kwa zaidi ya mita 1,300, ni kweli. Lakini Meru ndio unaokupitisha gizani, saa nyingi, kwenye ukingo wenye genge upande mmoja.

Kwa hiyo jifunze umbo la mlima kabla ya kitu kingine chochote. Meru ni volkano iliyobomoka. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka na kutandaza kifusi hadi mbali tambarare. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta uliojipinda kama kwato ya farasi, mdomo wake umeelekea mashariki, na ndani yake koni ya majivu iliyoinuka baadaye. Mlipuko wa mwisho, mdogo tu, ulikuwa mwaka 1910. Sasa itazame njia yetu. Inaanzia geti la Momella, kwenye mita 1,500 hivi, inaingia upande ule uliofunguka, inapanda hadi Miriakamba, kambi ya kulala ya kwanza, kwenye mita 2,500 na ushee, inaukwea ukuta wa kaskazini mpaka Saddle, kambi ya pili, karibu mita 3,570, halafu inaufuata ukingo kwa juu hadi kilele kilicho magharibi, zaidi ya mita 4,560. Ukiishika ramani hiyo kichwani utajua, kabla ya mgeni kufika, wapi upepo utampiga, wapi mchanga wa majivu utamrudisha mguu nyuma, na wapi mtu anayeogopa urefu atakaa chini na kukataa kuendelea.

Siku ya kwanza ni ya msitu na wanyama. Hutembei bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mgeni atakuuliza habari za simba. Mwambie wa kumwogopa hapa ni nyati. Ukishavuka Mto Ngare Nanyuki unaingia kwenye nyasi za wazi ambako wanalisha, na nyati dume mzee aliyejitenga na kundi hupenda kulala vichakani pembeni mwa njia. Wagumu wapya wana haraka ya kufika Miriakamba wakashike nafasi jikoni, wanataka kumpita askari. Usimpite. Akiinua mkono, simama na unyamaze, hata kama begi limekuelemea kichwani. Anamsoma mnyama, na mlio wa sufuria unaweza kumharibia kazi.

Njia za kupanda ni mbili. Ya kaskazini ni fupi, wengi huitumia kushukia. Ndefu inapita Fig Tree Arch, mtini mkubwa ulioacha upenyo wa kupita gari, kisha inazunguka msituni kuelekea sakafu ya kreta, lile shimo lililozungukwa na ukuta wa mlima. Mimi huwashauri magaidi wapya wapandie ndefu kila inapowezekana. Mwendo wake ni wa taratibu, mbega wanaonekana, na mgeni akitokea mahali pa wazi akauona ukuta wa mlima mbele yake, hapo ndipo pa kumweleza mlima ulivyovunjika. Atakuelewa kwa dakika tano kuliko angekaa na picha hotelini.

Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni ngazi, ngazi, ngazi. Zimetengenezwa kuzuia mmomonyoko, lakini urefu wa kila ngazi hauchagui mguu wa mtu, na mgeni mrefu mwenye nguvu hujichosha hapa kuliko bibi wa miaka sitini anayekwenda mdogo mdogo. Kaa mbele uwe breki. Pumzikeni Mgongo wa Tembo, wanywe maji, wale kitu.

Kazi kubwa ya siku ya pili ni mchana, na magaidi wengi wachanga huikosa kwa sababu wanalala. Kutoka Saddle kuna kilele kidogo, Little Meru, kama mita 3,800, saa moja hivi ya kupanda. Wapeleke wageni wako. Wenyewe watafurahia picha; wewe uwe unawasoma. Nani anaweka mguu bila uhakika? Nani ameacha kuongea? Nani alikataa chakula cha mchana akasema ameshiba? Ukishuka pale uwe tayari unajua nani atatembea nyuma yako usiku na nani atakuwa na msaidizi wake. Kuyapanga mambo hayo saa saba usiku, watu wakitetemeka, ni kuchelewa.

Hapa nitakaa kidogo, maana ni suala la uhai. Kwenye kilele msukumo wa hewa haufiki asilimia 60 ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Kichwa kuuma kidogo ni jambo la kawaida. Kichwa kinachouma pamoja na kutapika, kukosa hamu ya kula na uchovu usiotulia kwa kupumzika, mtu huyo asipande zaidi. Akianza kupepesuka, mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, au akiongea mambo yasiyoeleweka, chukulia kwamba ubongo umeanza kuvimba. Akihema kwa shida hata akiwa amekaa, akakohoa makohozi yenye povu, maji yanajaa mapafuni. Hao wawili wa mwisho hawasubiri asubuhi. Mwamshe askari, chukua wagumu wenye nguvu, mshusheni saa hiyo hiyo. Kutoka Saddle hadi Miriakamba ni kama mita 1,000 za kushuka, na mara nyingi tofauti hiyo inatosha kumrudishia mtu nafuu. Mgeni atakubembeleza, atakwambia amelipa pesa nyingi, atalia. Msikilize kwa heshima na umshushe.

Usiku wa kilele mnaondoka kati ya saa saba na saa nane. Mpaka Rhino Point ni mwinuko wa kawaida, halafu njia inateremka kidogo na kushika ukingo. Kuanzia hapo, kreta iko kushoto kwako. Kuna miamba laini iliyofungwa minyororo ya kushikilia. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, huweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa tochi. Pitisha mtu mmoja mmoja. Wewe simama upande wa shimo, mgeni ukutani, na umwambie aweke mguu wapi, maana "kuwa mwangalifu" haimsaidii mtu aliyeganda kwa hofu. Baada ya Cobra Point majivu na kokoto huongezeka na vilele vya uongo, unavyodhani ndio mwisho kumbe bado, vinakatisha tamaa. Mwambieni mapema kwamba vipo. Betri za akiba ziwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi inazimaliza. Chupa ya maji igeuzwe mdomo chini, barafu ikianza isizibe pa kunywea. Na saa ya kugeuka mkubaliane mkiwa bado Saddle, watu wana akili timamu.

Alfajiri, jua likichomoza upande wa Kilimanjaro, wengi watatazama huko tu. Waonyeshe na kaskazini, tambarare za Ngare Nanyuki. Wameru walifukuzwa katika ardhi hiyo mwaka 1951 ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea. Kijana anayeishi kwa mlima huu anapaswa kuijua habari hiyo vizuri kuliko majina ya ndege.

Sasa kushuka. Ule ukingo waliopita gizani bila kuona kitu, wanarudi nao mchana, na sasa wanaona chini. Mtu aliyepanda bila tatizo anaweza kuganda hapa. Jiandae kwa hilo, na usitawanye kundi kwa furaha ya kufika. Kumbuka pia kwamba kurudi kuna kupanda: kabla ya Rhino Point mnainuka tena, na miguu imekwisha. Siku hiyo hiyo mnaendelea hadi Miriakamba, jumla kama mita 2,000 za kushuka. Magoti huumia, vifundo vya miguu hugeuka, na hali hiyo hutokea zaidi kwenye zile ngazi, jioni, wakati kila mtu amelegea.

Kuhusu maslahi nitasema machache. Kabla hujabeba begi, uliza malipo ya siku, nani atakulisha, na bakshishi itagawanywaje, na uulize mbele ya wenzako. Mzigo upimwe kwenye mizani. Ukiongezewa kitu baadaye, rudi upime tena. Usipande na viatu vya raba vilivyochakaa kwa kuwa tu wewe huendi kileleni: usiku wa Saddle hauna huruma, na mvua za Machi hadi Mei zinafanya ngazi ziwe utelezi mtupu.

Siku ya nne ni fupi, asubuhi moja tu hadi Momella. Mkifika getini, hesabu watu na mizigo, rudisheni takataka zote mlizopanda nazo, mgawane bakshishi waziwazi kabla gari halijawashwa, na umuulize askari ameona nini kwenye njia ambacho kundi la kesho linapaswa kuambiwa.