Je, kenchi za paa zinaweza kubeba zulia lililolowa?

SWALI: Ndugu mhandisi, ninafua mazulia katika banda langu hapa Kizota, Dodoma. Kuta zina kimo cha mita 4, na paa ni la mabati juu ya kenchi za mbao za mbili kwa nne. Vijana wangu wanalalamika migongo kwa kuinua mazulia yaliyolowa, kwa hiyo ninataka kufunga makapi mawili (magurudumu yenye mfereji wa kupitishia kamba) kwenye kenchi ili tupandishe bomba lenye zulia kwa kamba. Zulia kubwa ninalopokea ni la mita 3 kwa 4. Je, kenchi zitahimili?

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usining'inize mzigo wowote kwenye kenchi hizo, kwani ziliwekwa ili zibebe mabati na zistahimili upepo, ambao wakazi wa Dodoma hatuhitaji kusimuliwa.

Zulia lako la mita za mraba 12 linaweza kuwa na kilo 30 hivi likiwa kavu, na likilowa likafika kilo 90, kwa kuwa kila lita ya maji iliyobaki ndani yake ni kilo moja. (Ndiyo maana kulikamua vizuri kwanza ni nusu ya kazi.) Ukiongeza bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 3.5, unapata karibu kilo 110. Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kapi lililofungwa juu halipunguzi uzito, bali hugeuza tu upande wa kuvutia. Anayevuta kamba kuelekea chini naye anavuta kwa kilo 110, na kilichoshikilia makapi kinabeba vyote viwili, yaani kilo 220. Tena mzigo huo haugawanyiki sawa: kapi la mbali linaelemewa na kilo 55, ilhali lile la upande wa mvutaji, ambako kamba zote mbili hushukia, linaelemewa na 165.

Kwa sababu hiyo, jenga fremu inayojitegemea, yenye nguzo mbili za chuma zilizosimikwa katika zege na kushikizwa ukutani zisiyumbe, na juu yake bimu ya chuma kwa kimo cha mita 3.5. Winchi ya mkono, yaani ngoma inayokunja waya kwa kuzungushwa mpini, ifungwe kwenye nguzo ileile iliyo chini ya kapi linaloelemewa zaidi, ili mvuto kati ya winchi na kapi uishie ndani ya nguzo hiyo.

Kila ncha ya bomba iwe na waya wake. Waya wa mbali upite kwenye kapi la mbali, uje hadi kapi la karibu lenye mifereji miwili, ukutane na mwenzake, kisha zote mbili ziungwe kwenye pete moja inayovutwa na winchi. Vinginevyo upande mmoja utatangulia kupanda na zulia litateleza. Waya wa chuma wa milimita 5 unatosha, kwa makapi yenye kipenyo kisichopungua milimita 100. Kamba ya katani, ingawa ni zao letu, huoza ikilowa mara kwa mara, na nailoni hunyumbuka mno.

Usibane matumizi kwenye winchi. Iwe imetengenezwa kwa kunyanyua, si kwa kuburuta tu, na iwe na breki inayojishika yenyewe mara mkono unapoachia mpini, kwa sababu mpini unaozunguka kwa kasi wakati wa kushusha huvunja mkono. Bomba likishafika juu, lishikizwe kwenye bimu kwa minyororo miwili, na mtu asipite chini yake wakati linapanda au kushuka. Bomba lenyewe liwe limepakwa zinki, kwani doa la kutu kwenye zulia la mteja halitoki kirahisi.

Kabla ya kupandisha zulia la kwanza, funga kwenye bomba viroba vya mchanga vya jumla ya kilo 120, uvipandishe nusu mita tu kutoka sakafuni, uviache kwa saa moja, kisha ukague sehemu zilizochomelewa, bolti zote na zege kwenye vitako vya nguzo.