Maswali na Majibu: Ganda la Pikipiki na Ganda la Roketi

SWALI: Mhariri, nimenunua pikipiki iliyotumika kutoka Japani, na katika kitabu chake cha maelekezo yale makava makubwa ya plastiki yanayozunguka taa na injini yanaitwa "fairing". Binti yangu, ambaye hufuatilia habari za anga, anasema hilo ni jina la kichwa cha roketi, na kamusi yangu ya Kiingereza inasema ni zawadi iliyonunuliwa gulioni. Nani kati yetu amekosea? Tena, kava moja limepasuka. Je, ninaweza kuendesha bila hilo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna aliyekosea, ila kamusi yako imeanza na maana iliyo mbali kuliko zote, kwa hiyo tuimalize kwanza. Zamani nchini Uingereza, aliyekwenda kwenye gulio la mwaka alirudi na kizawadi kwa ajili ya waliobaki nyumbani, na hadi leo eneo la Cornwall linauza biskuti za tangawizi zenye jina hilo. Gulio hilo na pikipiki yako havina undugu wowote.

Maana nyingine zote, ambazo hapa tutaziita feringi, zinahusu umbo linalopitisha hewa au maji bila kuyakwaza. Katika uundaji wa vyombo vya majini feringi ni kazi, si kifaa. Fundi hulaza ufito mrefu unaopindika juu ya mataruma, akafumba jicho moja na kuutazama kutoka mwisho wake. Panapoinuka huchonga kwa tezo, na panapobaki mwanya hujazia, mpaka mkunjo uwe mmoja kutoka omo hadi tezi. Manowari na meli za utafiti zinazokokota vyombo vya kusikilizia chini ya bahari huvisha waya zao feringi pia, kwa sababu maji yanayoupita waya wa duara hujizungusha upande huu na upande huu kwa zamu na kuutikisa bila kukoma.

Kwenye ndege kazi hiyo ikawa kifaa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Kwa hiyo kila kona ambapo bawa hukutana na kiwiliwili cha ndege hufunikwa. Yale maumbo marefu kama mitumbwi yaliyo chini ya mabawa ya ndege za abiria, ambayo wengi hudhani ni matangi ya mafuta, ni feringi zinazoficha mitambo ya kuteremsha vibao vya nyuma ya bawa ndege inapotua.

Pikipiki ilifuata njia hiyo hiyo, na kuna wakati ilipita kiasi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Moto Guzzi ya Italia, iliyokuwa na handaki lake la kupimia upepo huko Mandello del Lario, ilitengeneza pikipiki za mashindano zilizofunikwa mpaka gurudumu la mbele. Zilikwenda kasi sana, lakini upepo wa ubavuni uliziyumbisha, na Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki likapiga marufuku ufunikaji huo kuanzia msimu wa 1958.

Kuhusu lako lililopasuka: kava hilo halibebi uzito wa chombo, kwa hiyo pikipiki itakwenda bila hilo. Angalia tu kama taa, indiketa au kioo cha pembeni vimefungwa juu yake, na kama halikuwa linaelekeza hewa kwenye rejeta. Nisichokubaliana nacho ni ile desturi ya kulifunga kwa waya na kuendelea na safari, kwani kipande kinachoning'inia kinaweza kunasa usukani unapokata kona. Ama lishonwe na fundi wa plastiki, ama livuliwe kabisa.

Binti yako naye yuko sahihi, isipokuwa feringi ya roketi si kichwa chenyewe bali ni ganda linalofunika setilaiti. Ganda hilo huikinga setilaiti dhidi ya shinikizo la hewa, joto la msuguano na ngurumo ya injini, kisha roketi ikishapanda zaidi ya kilomita 100, ambako hewa ni haba mno, hupasuka pande mbili na kutupwa, kwa kuwa kuanzia hapo ni mzigo mtupu. Taifa-1 ya Kenya ilisafiri hivyo tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, ndani ya feringi ya roketi ya Falcon 9 yenye urefu wa mita 13 na upana wa mita 5 hivi. Nusu za ganda hilo hushuka baharini kwa parachuti, zikaokotwa na kutumika tena.

Ganda likikataa kufunguka, safari imekufa. Tarehe 24 Februari 2009 setilaiti ya NASA ya kupima hewa ya ukaa, OCO, ilibaki ndani ya feringi yake. Roketi ya Taurus XL ikalemewa, ikashindwa kufikia mwendo wa kuizunguka dunia, na vyote vikaanguka baharini karibu na Antaktika. Tarehe 4 Machi 2011 setilaiti ya Glory ilipotea vivyo hivyo. Mwaka 2019 NASA ilitangaza kwamba vyeti vya upimaji wa aluminiamu iliyotumika kwenye viungio vya ganda vilikuwa vimeghushiwa, na kwamba hasara ilizidi dola milioni 700.

SWALI: Je, chuma kilichoanguka Makueni kilikuwa feringi? – Msomaji, Machakos

JIBU: Hapana. Kilichoanguka katika kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024 kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, na Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kwa kawaida feringi hutupwa kabla roketi haijapata mwendo wa kuizunguka dunia, hivyo huanguka baada ya muda mfupi, chini ya njia ambayo roketi ilipita, na mara nyingi ni baharini.