Barua kwa mwanangu: mti uliobaki na umbo la kopo

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umeingia mwaka wa pili katika nyumba hiyo, majirani hawana neno, paa halivuji, lakini kila ukifungua mlango jioni unajiona kama mgeni aliyeachiwa funguo. Ukaniuliza: hapa nilipo mimi, pakawa kwetu lini?

Siku yenyewe naijua. Ni siku niliyong'oa mti uliokufa.

Wewe ulikuwa umeshakwenda masomoni. Mti ule niliupanda mwezi ule ule tuliohamia, mizigo haijafunguliwa, nikikitamani kivuli. Niliutoa koponi nikauzika vile vile ulivyokuwa, tena nikaufukia sana nikidhani ndipo utashika. Ukadumaa miaka mitatu, kisha ukakauka. Nilipouchimba nilikuta mizizi imejizungusha, duara juu ya duara, kama kamba iliyokunjwa, na umbo la lile kopo lipo pale pale. Miaka mitatu umezungukwa na ardhi, nao haujatoka koponi! Gome la sehemu iliyofukiwa lilikuwa limeoza, linabonyea kwa kidole.

Nililia, sikufichi. Nilikaa ukingoni mwa lile shimo, na kwa mara ya kwanza nikautazama udongo wa hapa.

Niliuchota, nikautia kwenye chupa ya kioo hadi nusu, nikajaza maji, nikatikisa kwa nguvu, nikaiweka dirishani. Mchanga ulitua dakika ile ile. Tope laini lilichukua saa kadhaa. Mfinyanzi ulielea mpaka kesho yake, na ulipotua tabaka lake lilishinda yote kwa unene. Basi nikaelewa kwa nini mvua ikinyesha maji yanasimama uani, na kwa nini wakati wa ukame ardhi inapasuka nyufa za kuingia kidole. Udongo wa namna hiyo ukiukanyaga ukiwa umelowa unashindiliwa kama tofali. Nikajifunza kuusubiri. Nikawa naulisha mboji, na juu natandaza majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kuyagusisha shina. Siku nilipofukua nikakuta nyungunyungu, niliita watu waje kuona.

Mti wa pili niliikata kwa kisu ile mizizi iliyojizungusha, nikainyoosha kila upande, na pale shina linapoanza kutanuka nikapaacha usawa wa ardhi. Ndio huo unaokaa chini yake ukija.

Sasa wewe. Mapazia na rangi za ukuta ni vitu vizuri, sikukatazi, ila havikujulishi upo wapi. Mvua ikianza, toka nje. Tazama maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Utaona mteremko wa uani kwako umeanzia kwa jirani wa juu na unaendelea kwa jirani wa chini. Ukuta tumejenga sisi, maji yana njia yao ya zamani. Asubuhi tazama jua linachomozea wapi, weka alama, kisha tazama tena baada ya miezi mitatu. Limehama. Mahali ulipodhani pana kivuli siku zote, kumbe ni kwa msimu tu.

Usipande chochote mwaka huu kabla hujajua hayo. Najua mkono unawasha.

Umesema pia kwamba nyumba ni ya kupanga, huenda ukahama, ya nini kujichosha? Mwanangu, nyuma ya nyumba yetu kuna kona yenye udongo mweusi, laini kuliko kwingine kote. Bila shaka kuna mtu alikuwa akimwaga maganda na majani pale, miaka kabla yetu. Simjui jina wala sura. Lakini kila jembe langu likizama pale bila kugonga, namshukuru kwa sauti.

Tafuta chupa yenye kioo safi, uchote udongo wa hapo uani, siyo wa juu kabisa, chimba kiasi cha kiganja. Ukishatikisa iache siku mbili, kisha nitumie picha. Usiiguse mpaka niione.

Mama yako