Maswali ya Ujenzi: Kiwanja cha Mteremko Lushoto

SWALI: Nina kiwanja chenye mteremko Soni, Lushoto. Fundi anataka tukate kilima tupate uwanja bapa wa mita 12 kwa 12, udongo tuumwage upande wa bondeni. Nahitaji nyumba ya vyumba vitatu isiyoonekana toka barabarani kama kidonda mlimani, tena ya matofali ya udongo wetu. Nianzie wapi? – Msomaji, Soni

JIBU: Anza kwa kumzuia fundi. Kwa mpango wake, nusu ya nyumba itakaa kwenye udongo mgumu na nusu kwenye kifusi. Masika yakija kifusi kinatitia, upande wa pili hautitii, na ukuta unapasuka pale vinapokutana. Jenga nyumba ndefu na nyembamba, upana mita 5 au 6, ikilala kukingama mteremko, sebule ikishuka ngazi chache chini ya vyumba. Msingi nao uwe wa ngazi, kila ngazi bapa, yote ikifika kwenye udongo usiowahi kuchimbwa. Kama kuna kijito, sheria inataka uache mita 60 toka ukingoni.

Kinachoangusha nyumba za mlimani ni maji kuliko kitu kingine. Upande wa juu, mita 3 toka ukutani, chimba mfereji wa kukinga maji wenye mwinamo wa sm 1 kwa kila mita, uishie kwenye majani mazito, si kwa jirani. Ukuta wa kuzuia udongo uwekewe kokoto unene wa sm 30 nyuma yake, na mabomba ya inchi 3 yapenye kila baada ya mita 1.5. Ukuta ukianguka watu hulaumu saruji. Mara nyingi kosa ni kukosa matundu hayo. Ukuta huo ukizidi kimo cha mita 1.2, mwite mhandisi.

Udongo mweusi wa juu uweke kando kwa bustani. Haufai kwa matofali. Ule mwekundu upime hivi: tengeneza kisanduku cha urefu wa sm 60, upana na kina sm 4, kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa, ukaushe kivulini siku 7. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya sm 1.3, ndoo 1 ya saruji inatosha ndoo 18 za udongo. Likikaribia sm 5, ndoo 12 tu. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime upya. Matofali yafunikwe kwa nailoni na kumwagiliwa siku 7; mafundi wenye haraka huruka hapa, ndipo kingo zinapomeguka.

Paa litokeze sm 80 nje ya kuta, bati liwe la kahawia au kijani lisilong'aa, na kilele kibaki chini ya mgongo wa kilima. Juni na Julai, wakati wa baridi, jua hukaa kaskazini, kwa hiyo madirisha makubwa yatazame huko na mashariki.

Mvua ya mm 50 kwenye paa la mita za mraba 100 hukupa takriban lita 4,000, ukitoa zinazopotea. Ila tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5: likae kwenye udongo mgumu, kamwe si juu ya kifusi.