Rangi huzimwa, hazilemazwi

Swali: Ninatafsiri mwongozo wa Vim, programu ya kuhariri matini inayotumiwa ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta), na nimefika kwenye sura ya kurekebisha mwonekano. Je, amri ya "set number" niieleze kuwa ni "wezesha nambari za mistari", na "set nonumber" kuwa ni "lemaza nambari za mistari"? Na je, "terminali" ni Kiswahili?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Terminali ni neno la mkopo lenye asili ya Kilatini, terminus, yaani mwisho au mpaka, kwa kuwa hapo awali lilikuwa jina la kifaa kilichokaa kwenye ncha ya waya, mbali na kompyuta yenyewe. Litumie. Wanaoandika "kituo" wanamchanganya msomaji, ambaye kwake kituo ni mahali pa kusubiri basi au pa kupigia kura.

Lakini hilo "lemaza", ndugu yangu, lifute kila ulipoliandika. Kulemaza ni kumtia mtu kilema, na mkono uliolemaa haunyooki kwa kubonyeza kitufe. Hata likitumiwa kwa sitiari, neno hili hubeba madhara: mgomo hulemaza usafiri, mafuriko hulemaza biashara. Mtu aliyeondoa nambari pembeni mwa skrini hajadhuru kitu, kwani akiandika tena "set number" zinarudi zote kama zilivyokuwa. Tumejitahidi kuacha kumwita mwenzetu "kilema" na kumwita mtu mwenye ulemavu, kisha tunalichukua shina lilelile na kulitandaza kwenye simu na kompyuta, ili kila mtoto anayejifunza kutumia kifaa alisome kana kwamba kulemaza ni kazi ya kila siku. Linanikera, na sitalizoea.

Kosa hili huzaliwa pale mtafsiri anapotafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza, kama hili "disable", na akishalipata hulibandika kila mahali. Kiswahili hutaka kwanza kujua kinachotendeka. Nambari za mistari huonyeshwa na kufichwa. Rangi za sintaksia, yaani zinazotofautisha sehemu za msimbo, huwashwa na kuzimwa, kama taa. Mstari uliozidi upana wa skrini hukunjwa, na kwa amri ya "set nowrap" huachwa uendelee hadi nje ya skrini; hapo andika tu "usikunje mistari". "Wezesha" nalo ni neno zuri likiwa mahali pake: ukiweka TERM, yaani kigezo kinachotaja aina ya terminali, kuwa "xterm-256color", unaijulisha programu kwamba terminali ina uwezo wa kuonyesha rangi 256, na kwa hiyo unaiwezesha kuzitumia. Nambari za mistari hazikuwa zimeshindwa na lolote hata ziwezeshwe.

Jihadhari zaidi na "set background=dark". Ukiieleza kuwa ni "fanya usuli uwe mweusi" utakuwa umempotosha msomaji, kwa sababu amri hiyo, kama mwongozo wa Vim wenyewe unavyotahadharisha, haibadilishi rangi ya usuli, bali huiarifu Vim kwamba usuli ni wa giza ili ichague rangi za maandishi zitakazosomeka juu yake. Msomaji wako mwenye terminali nyeupe ataiandika, atasubiri skrini igeuke nyeusi, na atakachokipata ni maneno ya manjano yaliyomezwa na weupe. Atadhani kompyuta yake ni mbovu, ilhali kilichomponza ni kitenzi chako. Andika "iarifu Vim kwamba usuli ni wa giza", hata kama sentensi itarefuka.

Amri zenyewe ziache kama zilivyo, maana kompyuta huzisoma herufi kwa herufi. Kuhusu "kuseti", ambalo najua unalo ulimini, sitagombana nawe mkiwa mmeketi na wenzako mbele ya skrini mkielekezana. Ila katika mwongozo, seti ni ya vikombe, na kitenzi chako ni "weka".